Mwili wa Nani Unastahili Stara? Utupu, Umri na Filamu Tunazotazama

Mada niliyopewa ni ya aina ambayo watu wengi huizungumza kwa minong'ono. Mimi nitaisema waziwazi, lakini kwa maneno ambayo mzazi na mwanawe wanaweza kuyasikia wakiwa wamekaa benchi moja.

Sizungumzii filamu za ngono zinazouzwa kwa kificho. Nazungumzia filamu kubwa za sinema, zinazotengenezwa kwa ajili ya umma mzima, zikapewa tuzo, zikaoneshwa kwenye ndege na kwenye runinga za sebuleni. Nyingi kati ya hizo zinatoka Marekani, na vipimo vya umri vilivyobandikwa juu yake navyo vinatoka huko. Kwa hiyo hatuwezi kuelewa tunachokiona bila kujua vipimo hivyo vilizaliwaje na vimebadilika vipi.

Hoja yangu ni moja. Kwa takriban miaka mia moja, wakaguzi wa filamu wamekuwa wakipima ngozi: imeonekana kiasi gani, ya sehemu gani, kwa muda gani. Mara chache waliuliza mwili ule ni wa nani, mwenyewe aliridhia nini, na mtazamaji anafundishwa nini kuhusu binadamu yule. Leo, polepole, maswali hayo yameanza kuulizwa. Naamini hayo ndiyo maswali tunayopaswa kuyafanya yetu.

Kanuni na mlango wake wa nyuma

Mwaka 1930 kampuni za Hollywood zilikubaliana juu ya kanuni ya maadili iliyokuja kuitwa kwa jina la Will Hays, aliyekuwa kiongozi wa chama chao. Waandishi wake walikuwa padri Mjesuti, Daniel Lord, na mchapishaji Mkatoliki, Martin Quigley. Kwa miaka minne kanuni hiyo haikutiliwa nguvu. Halafu Wakatoliki wa Marekani wakaanza kuhimizana kususia sinema, kampuni zikaogopa hasara, na kuanzia Julai 1934 ofisi ya ukaguzi ya Joseph Breen ikapewa mamlaka ya kweli. Filamu isiyo na muhuri wake haikuingia katika majumba makubwa ya sinema, kwa kuwa majumba hayo yalikuwa mali ya kampuni zilezile. Utupu ulikatazwa moja kwa moja, hata ukiwa kivuli tu nyuma ya pazia.

Mwaka huohuo kampuni ya MGM ilitoa *Tarzan and His Mate*. Ndani yake mlikuwa na kipande ambamo Jane anaogelea chini ya maji bila nguo. Aliyeogelea hasa alikuwa Josephine McKim, mwogeleaji wa Olimpiki, akichukua nafasi ya mwigizaji Maureen O'Sullivan. Wakaguzi waliamuru kiondolewe, na watazamaji wengi hawakukiona mpaka miongo kadhaa baadaye, kiliporejeshwa.

Sasa tazameni upande wa pili. Miaka mitatu kabla, kampuni hiyohiyo ilitoa *Trader Horn*, filamu ambayo sehemu kubwa ilipigwa huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Kamera ziliwapiga wanawake wa Kiafrika vifua wazi, na filamu ikaoneshwa, ikasifiwa, ikapendekezwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mabaki ya picha zake yalitumiwa tena mwaka 1932 katika filamu ya kwanza ya Tarzan ya kampuni hiyo. Baadaye Kanuni ya Hays yenyewe iliongezewa kifungu cha kuruhusu utupu ikiwa waliopigwa picha ni wenyeji wa nchi ya kigeni, katika filamu inayoonesha maisha yao.

Naomba tulielewe jambo hili sawasawa. Mwanamke aliyetembea kifua wazi katika kijiji chake, kwa desturi ya watu wake, hakuwa amevunja heshima yoyote. Kwao alikuwa amevaa. Kosa halikuwa lake wala la desturi yake. Kosa lilikuwa la wale waliotunga sheria ya kulinda utu wa binadamu, kisha wakaamua kwamba mwili wa Jane ni wa mtu na lazima usitiriwe, ilhali mwili wa mwanamke wa Kiafrika ni sehemu ya mandhari, pamoja na viboko na maporomoko ya maji. Hakuna aliyemuuliza jina lake. Katika miaka hiyohiyo, wakaguzi wa Kenya ya kikoloni walikuwa wakipitisha filamu zinazofaa kutazamwa na Wazungu huku wakizizuia kwa Waafrika. Yaani Mwafrika alifaa kutazamwa lakini hakuaminiwa kutazama.

Nimeanza na historia hii kwa makusudi. Wapo ndugu zetu wanaoikumbuka sinema ya zamani kama zama za heshima ambazo dunia imezipoteza. Stara ya zama hizo haikumfunika kila mtu.

Kutoka muhuri hadi umri

Kanuni ya Hays ilidhoofika kwa sababu nyingi kwa pamoja. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi uliozifanya kampuni ziachane na majumba yao ya sinema. Mwaka 1952 mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba filamu ina kinga ya uhuru wa maoni kama ilivyo kwa gazeti. Runinga iliingia majumbani, watazamaji wakapungua, na wenye sinema wakatafuta kitu ambacho runinga haikuthubutu kukionesha. Filamu za Italia, Ufaransa na Sweden nazo zikapata watazamaji.

Kisha ikaja *The Pawnbroker* ya Sidney Lumet, iliyotolewa Marekani mwaka 1965. Ni habari ya Myahudi aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi, mkewe akafia huko. Mwanamke mmoja mwenye shida anajivua mbele yake ili apate pesa, na yule mzee anakumbuka jinsi mkewe alivyodhalilishwa na askari. Wakaguzi walijikuta mbele ya utupu usiochochea tamaa, bali ulioleta machungu. Wakaipa kibali kama jambo la pekee. Mwaka uliofuata MGM ilitoa *Blow-Up* ya Michelangelo Antonioni bila muhuri kabisa, kwa kupitia kampuni yake ndogo, na filamu ikafanya vizuri sokoni. Muhuri ulikuwa umekwisha nguvu.

Tarehe 1 Novemba 1968, Jack Valenti, kiongozi mpya wa chama cha kampuni hizo, alianzisha mfumo wa madaraja ya umri. Maamuzi hayakuwa tena ya kupitisha au kukataza. Filamu ilipewa herufi: G kwa wote, M kwa wenye upeo, R kwa watoto wanaofuatana na mzazi, na X kwa watu wazima peke yao. M ilibadilishwa baadaye na kuwa PG, yaani mzazi aongoze.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Mamlaka yalihama kutoka ofisi ya mkaguzi hadi mlangoni pa sinema na sebuleni kwa mzazi. Bodi inayotoa madaraja hayo Marekani si ya serikali. Imeundwa na wazazi, na kazi yake ni kumwambia mzazi mwenzao wastani wa familia ungefikiri nini. Mfumo wa namna hiyo unafaa pale tu ambapo yupo mtu wa kuisoma ile herufi na kuitekeleza. Pasipokuwa na mtu huyo, herufi ni wino mtupu.

Herufi X ilipata mkosi wake. *Midnight Cowboy* ilitoka na X na ikashinda Oscar ya filamu bora kwa mwaka 1969, jambo linaloonesha kwamba X haikukusudiwa kumaanisha uchafu. Lakini chama hakikuisajili herufi hiyo kama alama yake ya kibiashara. Watengenezaji wa filamu za ngono wakaibandika wenyewe kwenye mabango yao, wakati mwingine tatu kwa mpigo, na jina likaharibika. Mwaka 1990 ilibadilishwa na kuwa NC-17, ya kwanza ikiwa *Henry & June*. Magazeti na majumba mengi yaliendelea kuikwepa, na tangu hapo kampuni kubwa hukata vipande ili zipate R.

Mwaka 1984 lilitokea jambo lingine. *Indiana Jones and the Temple of Doom*, yenye daraja la PG, ilimwonesha mtu akitolewa moyo kifuani akiwa hai. Wazazi walilalamika, na filamu ya *Gremlins* nayo ikawaudhi. Julai mwaka huo likazaliwa daraja la PG-13. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake yalikuwa mengine: PG-13 likawa daraja lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu linampokea kijana mwenye pesa ya tiketi bila kumfukuza mtu mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la *Pediatrics* ulionesha kwamba matumizi ya bunduki katika filamu maarufu za PG-13 yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na mwaka 2012 yaliyapita hata yale ya filamu za R.

Hapa ndipo udhaifu wa kupima ngozi unapoonekana. *Titanic* ya 1997 ilipewa PG-13 pamoja na kile kipande ambamo Rose anachorwa bila nguo. *The King's Speech* ya 2010, habari ya mfalme mwenye kigugumizi, ilipewa R kwa sababu ya matusi anayoyatamka katika tiba ya kunyoosha ulimi wake. Haina bunduki wala utupu. Wakati huohuo mtoto wa miaka 13 aliruhusiwa kutazama mamia ya watu wakipigwa risasi na kuanguka bila damu, bila jeraha, bila mama wa kuwalilia. Ukatili usioumiza mtu ndio ukatili unaofundisha vibaya zaidi.

Na utupu wenyewe si wa namna moja. Februari 1997 kituo cha NBC kilionesha *Schindler's List* kwenye runinga isiyolipiwa, pamoja na vipande vya wafungwa wa Kiyahudi waliovuliwa nguo. Mbunge mmoja, Tom Coburn, alikishutumu kituo kwa kuleta utupu majumbani. Wenzake, hata wa chama chake, walimpinga, naye akaomba radhi. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayeona tamaa katika picha ya watu wanaopelekwa kuuawa hajaitazama picha.

Aliyeko mbele ya kamera

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu mtazamaji. Kwa miaka mingi kuna mtu mwingine ambaye hakuzungumziwa: mwigizaji.

Maria Schneider alikuwa na miaka 19 alipoigiza katika *Last Tango in Paris*, filamu ya Bernardo Bertolucci iliyotoka mwaka 1972. Magazeti yalibishana kama ni sanaa au ni uchafu. Italia iliipiga marufuku, Marekani ikaipa X. Katika ubishi wote ule hakuna aliyemuuliza binti. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba sehemu ya tukio ambamo mhusika wake analazimishwa kufanya ngono haikuwamo katika maandishi, na kwamba alijisikia amedhalilishwa, machozi yake yakiwa ya kweli. Bertolucci alikiri kwamba hakumwambia kila kitu, kwa kuwa alitaka kupata fedheha ya msichana, si uigizaji wake. Schneider alifariki mwaka 2011. Desemba 2024 jumba la hifadhi ya filamu la Paris lililotaka kuionesha lilifuta onesho hilo baada ya malalamiko.

Ndugu zangu, daraja lolote la umri lingeweza kumlinda mtoto asiione filamu hiyo. Hakuna daraja lililomlinda Maria.

Baada ya mwaka 2017, wanawake wa Hollywood waliposimama na kusimulia waliyotendwa, desturi mpya iliingia kazini. Mwaka 2018 kituo cha HBO, kikianzia na tamthilia ya *The Deuce*, kiliamua kwamba kila kazi yake yenye matukio ya faragha iwe na mratibu maalumu. Mratibu huyo huzungumza na mwigizaji kabla, na hupanga kila mguso kama ngoma inavyopangwa hatua kwa hatua. Chama cha waigizaji cha Marekani kinadai ridhaa ya maandishi inayotaja ni nini kitaonekana na nini hakitaonekana.

Watazamaji nao wanabadilika, na si katika njia ambayo wengi waliitabiri. Ilidhaniwa kwamba kila kizazi kitataka kuona zaidi ya kilichotangulia. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kiliwauliza vijana wa Marekani, na karibu nusu ya wenye umri wa miaka 13 hadi 24 wakasema matukio ya ngono hayahitajiki katika hadithi nyingi za filamu na runinga. Zaidi ya nusu walitaka kuona urafiki zaidi. Huko Uingereza, bodi ya madaraja ilipochapisha mwongozo wake mpya mwaka 2024 baada ya kuwauliza watu wapatao 12,000, ilikaza masharti juu ya matukio ya ngono na ukatili katika filamu za watoto wa miaka 12. Bodi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1912 ilikuwa na makatazo mawili tu, mojawapo likiwa utupu. Leo inauliza mambo mengi zaidi.

Mwaka huohuo wa 2024 ilipandisha daraja la *Mary Poppins*, filamu ya watoto ya mwaka 1964, kutoka U, yaani kwa wote, hadi PG. Sababu ilikuwa neno la dharau waliloitwa watu wa Khoikhoi wa kusini mwa Afrika. Wapo waliocheka. Mimi naona ni hatua ya haki. Hatimaye kipimo kimeanza kuhesabu fedheha ya Mwafrika kuwa kitu cha kumwonya mzazi.

Milango isiyo na bawabu

Turudi kwetu. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kenya ina sheria yake, Sura ya 222, na bodi inayogawa filamu katika GE (kwa wote), PG, 16 na 18. Januari 2014 bodi hiyo iliizuia *The Wolf of Wall Street*, na mwaka uliofuata *Fifty Shades of Grey*. Sheria hizi zilitungwa zikilenga jumba la sinema lenye mlango mmoja na mtu wa kukata tiketi. Majumba mengi yalifungwa video ilipoenea. Watazamaji wakahamia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuoneshea video, ambako filamu ya Kimarekani au ya Kichina inapata mfasiri wake: Tanzania tulimsikia Lufufu, Kenya wanamsikia DJ Afro. Katika kibanda, herufi PG-13 au R inapita mwanzoni kwa sekunde chache na hakuna anayeisoma. Sasa kibanda chenyewe kimeingia mfukoni mwa mtoto. Bando la siku linatosha.

Jirani zetu wa Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, wamejaribu njia mbalimbali. Saudi Arabia ilifungua tena majumba ya sinema mwaka 2018 baada ya zaidi ya miaka 35. Falme za Kiarabu zilitangaza Desemba 2021 daraja la miaka 21 na kuendelea, ili filamu zioneshwe bila kukatwa. Na ilipotoka *Oppenheimer* mwaka 2023, watazamaji wa India na wa baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati walimwona mwigizaji Florence Pugh amevalishwa gauni jeusi lililochorwa kwa kompyuta. Filamu yenyewe inahusu kuundwa kwa mabomu yaliyoua zaidi ya watu laki moja wa Hiroshima na Nagasaki. Kila nchi ina haki ya kulinda desturi zake. Lakini kipimo kinachokesha kikishona gauni, kikapita kimya mbele ya bomu, kimetulia mahali pasipo pake.

Sipendekezi tuige Marekani, wala sipendekezi kila kitu kiachiwe. Mimi ni mzazi, na naamini kuona haya ni pambo la binadamu. Kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na mtu mzima asiyeona aibu kumwambia hivyo anamtendea wema. Samaki mkunje angali mbichi. Ila marufuku pekee haimkunji samaki yeyote siku hizi. Filamu iliyozuiwa asubuhi inapatikana kwenye simu jioni, tena bila onyo, bila mtu wa kuieleza.

Kwa bodi zetu naomba mambo mawili. Kwanza, kila daraja litolewe pamoja na sababu zake kwa Kiswahili cha kawaida, kiasi cha mzazi wa Tandika au wa Likoni kuelewa kwa kusoma mistari miwili: ina ukatili wa namna gani, ina utupu wa namna gani, ina lugha gani, inamdhalilisha nani. Pili, ukatili na fedheha vipewe uzito sawa na ngozi. Mwanamke anayepigwa kofi ili watazamaji wacheke ni jambo zito kuliko bega lililo wazi, na filamu zetu wenyewe zina makofi mengi.

Kwa watayarishaji wa filamu nchini: msimwite binti kwenye seti bila kumwonesha maandishi ya kile atakachotakiwa kufanya. Muandikiane. Mwacheni awe na haki ya kukataa hata asubuhi ya kazi, na pawepo mwanamke mwingine wa kusimama naye. Umaskini wa msichana anayetafuta nafasi yake ya kwanza usigeuzwe ridhaa.

Na kwenu wazazi, kazi iliyokuwa ya mkaguzi mmoja mjini imegawanywa, na sehemu kubwa imeangukia mikononi mwetu. Huduma za filamu za mtandaoni zina sehemu ya kuweka umri wa mtoto na namba ya siri, iwekeni leo. Kisha fanyeni lile ambalo namba ya siri haiwezi kulifanya: kaeni na watoto, tazameni pamoja, na kinapopita kipande kinachomvunjia mtu heshima, semeni kwa sauti kwamba mtu huyo amevunjiwa heshima, awe amevaa au hajavaa. Mtoto aliyezoea kusikia hivyo nyumbani atakuwa na kipimo chake mwenyewe siku atakapotazama peke yake.